Kipimo cha utendaji wa jeni si kipimo cha DNA

Siku hizi kila kipimo kinachotajwa pamoja na jeni kinaitwa "kipimo cha DNA", kana kwamba ni kile cha kumtafuta baba wa mtoto kwa Mkemia Mkuu. Kipimo cha utendaji wa jeni ni kitu kingine. Kinapima RNA, yaani nakala ambazo seli hutoa kwenye jeni zake, nyingi zikiwa za kutengenezea protini. Nakala zikiwa nyingi, jeni iko kazini. Zikiwa chache, imepoa.

DNA uliyorithi haibadiliki, na seli ya ini ina jeni zilezile za seli ya jicho. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinafanya kazi na kwa kiasi gani, na hilo hubadilika kwa ugonjwa, kwa dawa, hata kwa saa za mchana na usiku. Kwa hiyo kipimo cha BRCA1, jeni ambayo kasoro yake huongeza hatari ya saratani ya titi, hufanywa katika damu na humwambia mwanamke alichorithi. Oncotype DX, kilichoanza kutumika Marekani mwaka 2004, hupima jeni 21 ndani ya uvimbe wa titi na kukadiria uwezekano wa saratani hiyo kurudi.

Kati ya jeni hizo 21, tano hazitumiki kupima saratani yenyewe: ni za kulinganishia. Zipo kwa sababu RNA huharibika upesi. MammaPrint, kipimo kingine cha uvimbe wa titi chenye jeni 70 kilichotokana na utafiti wa Amsterdam uliochapishwa mwaka 2002, mwanzoni kilihitaji kipande kibichi au kilichogandishwa, ilhali hospitali karibu zote huhifadhi nyama ya uvimbe kwa fomalini na nta. Ndani ya nta RNA hukatikakatika. Bila jeni za kulinganishia, sampuli iliyochakaa ingesomeka kana kwamba jeni zake zimepoa, na mgonjwa angepewa jibu la uongo.

Mtafiti huridhika akiona tofauti ya wastani kati ya makundi mawili ya wagonjwa. Daktari ana mgonjwa mmoja mbele yake, na anataka kujua matibabu yabadilike vipi. Jibu hilo lilichukua miaka. Utafiti wa TAILORx, uliosajili wanawake zaidi ya 10,000 na kutoa matokeo mwaka 2018, ulionyesha kuwa wengi waliopata alama 11 hadi 25 kati ya 100 kwenye Oncotype DX, hasa waliovuka miaka 50, walitosheka na dawa za homoni bila tibakemikali. Kumwepusha mama na kutapika na kukatika nywele kusikokuwa na faida ni jambo kubwa mno.

Basi ukisikia uvimbe wa mama yako una alama 18, usimpigie dada yako kumwambia naye amerithi. Alama hiyo ni ya uvimbe ule tu. Hofu ya ukoo ina kipimo chake, na daktari aulizwe hicho.