"Huyu wa Kawaida Tu": Dhana Zinazonichosha Kuhusu Kurekodi Ndege na Wanyama wa Dodoma

Wiki iliyopita kijana mmoja anayejitolea aliniletea orodha ya ndege aliowaona kwa muda wa saa mbili kando ya Bwawa la Hombolo. Ilikuwa na ndege mmoja: furukombe. Nikamuuliza, saa mbili nzima, kando ya maji, ndege mmoja? Akanijibu kwa adabu zote, "Wengine walikuwa wa kawaida tu, mwalimu."

Jibu hilo nimelisikia Hombolo, nimelisikia Kondoa, nimelisikia kwa wanachuo na kwa wazee wenye mashamba ya zabibu. Nalijibu hapa mara moja, na atakayelirudia nitamtumia maandishi haya.

"Wa kawaida hana haja ya kuandikwa"

Wa kawaida kwa nani? Mchukue kwezi kijivu, yule wa rangi ya majivu, mkia mrefu, jicho la njano, anayedonoa chini ya mibuyu kama kuku wa nyumbani. Sisi tunampita bila hata kugeuza shingo. Lakini karibu eneo lake lote duniani liko ndani ya Tanzania. Cherero, kasuku mdogo mwenye kichwa cheusi na shingo ya njano, naye asili yake ni hapa hapa nchini. Wageni wengi wanamjua akiwa tunduni tu. Na hondohondo wetu wa mdomo mwekundu, anayeishi Tanzania ya kati, alikuja kupewa jina lake la kisayansi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo alihesabiwa pamoja na ndugu zake wa nchi nyingine. Hao ndio mnaowaacha nje ya orodha.

Halafu kuna suala la ramani. Mahali pasipo na rekodi panasomeka kama mahali pasipo na ndege. Watalii wanarekodi Ruaha, Tarangire na Serengeti. Bahi, Mpwapwa na Manyoni wataandikiwa na nani kama si wenyeji?

Kijana wangu alifanya kosa zaidi ya hilo. eBird, programu ya kutunza orodha za ndege ambayo ilianza mwaka 2002, inakuuliza kabla ya kutuma: je, umeandika kila ndege uliyeweza kumtambua? Ukijibu "ndiyo" kwa ukweli, hata ndege asiyekuwemo kwenye orodha anageuka kuwa taarifa. Yeye alijibu "ndiyo". Kwa hesabu za mtafiti, asubuhi ile Hombolo hapakuwa na yangeyange, bata wala hata tetere mmoja. Ningeona heri asingetuma kabisa.

Na wa kawaida hakai kuwa wa kawaida milele. India tumbusi walikuwa wengi kuliko mtu anavyoweza kuwahesabu. Kuanzia miaka ya 1990, katika muda wa miaka kumi na kitu, spishi tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 watafiti walitangaza chanzo: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wakipewa ng'ombe. Ng'ombe akifa, tumbusi anakula mzoga, figo zake zinaharibika. Ukubwa wa anguko lile ulipimika kwa sababu kuna watu walikuwa wamejisumbua kuwahesabu tumbusi wakati hakuna aliyeona haja.

Sasa njoo Mtumba, ulipo Mji wa Serikali hapa Dodoma. Kabla serikali haijaanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, sehemu kubwa ya pale ilikuwa vichaka. Leo ni maofisi na lami, na watu wananiuliza ndege wamepungua kwa kiasi gani. Nilinganishe na nini? Waliokuwa wakipita pale kila siku waliwaona wa kawaida tu.

"Simu ikisema, imesema"

Hapana. Programu ya kutambua ndege kwa picha inabahatisha kutokana na picha ilizofunzwa, na za kwetu ni chache. Itakupa jina la jirani aliyepigwa picha nyingi zaidi. Kwa hondohondo wa mdomo mwekundu, tazama ngozi inayozunguka jicho: ya wetu ni nyeusi. Kama jicho halionekani vizuri, andika "hondohondo" uishie hapo. Jina la jumla lililo sahihi halina aibu yoyote.

"Nyoka lazima umuue kwanza"

Naletewa picha za nyoka waliopondwa kichwa mpaka kikawa ugali, kisha naulizwa, "Huyu ni nani?" Magamba ya kichwa ndiyo ninayoyahitaji! Simama mbali, piga picha, utaikuza baadaye. Ukimkuta amekanyagwa na gari, mpige picha pia, hiyo ni rekodi nzuri. Na huyo "mtoto wa chatu" mnene mfupi aliyelala njiani, tafadhali usimshike. Mara nyingi ni kifutu.

"Nisogeze alama ya ramani ili majangili wasijue"

Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Nina kakakuona mmoja aliyerekodiwa katikati ya mzunguko wa barabara mjini. iNaturalist, programu ya kurekodi wanyama na mimea kwa picha, yenyewe huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini; umma unaona eneo la jumla lenye upana wa kilomita ishirini na kitu. Wewe weka alama pale pale ulipomwona.

"Bundi usimpige picha, ataleta msiba"

Nimewapiga picha miaka yote hii. Tuendelee.

"Nitakutumia WhatsApp, utaniwekea"

Hili ni langu binafsi na silegezi. Picha ikipita WhatsApp inapoteza tarehe na mahali ilipopigiwa. Ukiipakua na kuipandisha, programu inaweza kuchukua siku ya kupakua, na ndivyo ndege anayehama kwenda Ulaya anavyojikuta "ameonekana" Chamwino mwezi Julai. Pandisha picha ya awali, moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyoipiga. Kama bando limeisha, subiri. Rekodi haichachi.