Mkutano usio na ratiba, na ndoo mbili za dagaa

Wale mlionitafuta ile Jumamosi simu haipatikani, nilikuwa kwenye mkutano wa teknolojia hapa hapa Mwanza, upande wa Capri Point, ila sio ile mnayoijua ya mgeni rasmi na mabango na kukaa mpaka saa tano mheshimiwa bado yuko njiani. Huu hauna mgeni rasmi. Ratiba nayo hamna, yaani unafika asubuhi unakuta ukutani kuna karatasi kubwa, juu majina ya vyumba vinne, pembeni saa, katikati kweupe kabisa, na anayetakiwa kujaza ni wewe uliyekuja.

Wengi wanaita BarCamp. Ya kwanza ilifanyika Palo Alto kule Marekani, Agosti 2005, ikaandaliwa ndani ya siku chache tu na watu kama 200 wakatokea. Ilitokana na Foo Camp, mkutano wa Tim O'Reilly, mchapishaji wa vitabu vya kompyuta, ambao ulikuwa wa kualikwa, sasa wasioalikwa wakaona isiwe tabu, wakafanya ya kwao mlango wazi. Ila kabla yao kulikuwa na Harrison Owen, yeye tangu 1985 alishakuja na utaratibu wa Open Space, yaani mkutano ambao ratiba wanaipanga waliokuja, maana aliwahi kuandaa mkutano akahangaika nao mwaka mzima halafu watu wakamwambia kilichonoga kuliko vyote ni muda wa chai! Na mwenyewe alisimulia kwamba mfano mmoja aliuona kijijini Balamah, Liberia, sherehe ya siku kadhaa ya vijana kuvuka utoto, mambo yanaenda na kamati ya maandalizi huioni. Kwa hiyo ukija kuniambia haya ni mambo ya kizungu tutabishana.

Sheria yake kubwa inaitwa sheria ya miguu miwili: ukiona hapo ulipo hujifunzi na huchangii, nyanyuka nenda chumba kingine, hakuna wa kununa. Kwenye karatasi ni rahisi, ila hapa kwetu nani anamnyanyukia mzee katikati ya maneno? Saa ya kwanza chumba kilijaa watu wamekaa kwa adabu wanasinzia. Aliyetuokoa ni mzee mwenyewe, mhadhiri mstaafu, kijana mmoja alikuwa anaelezea mambo ya kutengeneza tovuti, mzee akasimama katikati akasema "wanangu, hili la kwenu, mi naenda kule kwa mambo ya redio", akatoka zake. Baada ya hapo watu wakaanza kutembea.

Sasa ushauri wangu kwa wanaotaka kwenda: usiende na slaidi, nenda na kitu kilichokushinda. Mi kwenye kikaratasi changu niliandika "Dagaa zinajirudia, nisaidieni" nikabandika saa nane, nikijua hakuna atakayekuja, wakaja kumi na moja.

Tatizo lenyewe. Nina apu ya kurekodi mauzo ya dagaa kwenye mialo, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na huko netiweki inakuja na kuondoka. Muuzaji anaandika mauzo, simu inatuma, seva (kompyuta ya mbali inayotunza rekodi) inapokea na kuhifadhi vizuri tu, inarudisha jibu la "nimepata", jibu linapotelea njiani. Simu inadhani imefeli, inatuma tena. Jioni mama wa watu ameuza ndoo kumi, daftari la kwenye apu linasema kumi na tatu, na mwenye mtumbwi anataka hela ya kumi na tatu. Hapo anayetukanwa ni mimi.

Jamaa mmoja akasema si rahisi tu, seva iangalie, ikikuta mwalo ule ule, muuzaji yule yule, kiasi kile kile na bei ile ile ndani ya dakika tano, ya pili ifute. Chumba kizima "eeeh", hata mi nilishafungua laptopu nianze kuiandika kwenye programu. Dada mmoja kutoka Bukoba, anafanya kazi kwenye mifumo ya saccos, akasema hapana, simu ndo itoe namba. Yaani muuzaji akibonyeza tu hifadhi, hata kama hamna netiweki, simu inatunga namba yake ndefu ya kubahatisha (UUID, biti 128, kugongana na nyingine ni kama haiwezekani), hiyo namba inasafiri na muamala kila unapotumwa, na databesi inakataa namba hiyo hiyo kuingia mara mbili. Na ikija mara ya pili seva isijibu "kosa", ijibu "nimepata", maana ukijibu kosa simu itaendelea kutuma mpaka bando liishe.

Wakabishana mpaka muda ukaisha, upande wa dakika tano ukasema huku ni kuzidisha kazi. Na hapa ndo nina ugomvi na ile kanuni yao nyingine, kwamba waliokuja ndo watu sahihi. Watu kumi na wawili tunajadili dagaa, hakuna hata mmoja anayeuza dagaa! Kwa hiyo Jumapili asubuhi wanne wetu tukapanda daladala mpaka Kirumba, Mwaloni.

Mama mmoja nikamuamkia, nikamuuliza, mama, inatokea ukauza ndoo mbili za bei moja kwa mpigo? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Mwanangu, mteja anachukua moja, anaondoka, anageuka anachukua nyingine. Kila siku." Yaani seva ingefuta ndoo iliyouzwa kweli. Jamaa wa dakika tano akacheka, akasema basi, namba itolewe na simu.

Nikamuuliza pia kama angekuja mkutano ujao. Akasema angalieni mwezi kwanza, dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza, mkifanya gizani asubuhi yake sisi tuko hapa na mzigo. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, hapo atakuja na wenzake. Nimeshawatumia waandaaji tarehe mbili, zote za mwezi mpevu.