Je, wajua kwa nini kufunga anga huanza kwa mabomu?

Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 na wakimbizi kuingia Nairobi, hoja moja hairuki kikao hapa mjini: kwa nini Marekani na Ulaya wasipige tu marufuku ndege za kivita kuruka Sudan, raia wapate kupumua bila damu zaidi kumwagika?

Wengi huichukulia marufuku hiyo kama amri: inatangazwa Umoja wa Mataifa, New York, ndege zinabaki chini. Sivyo hata kidogo. Kufunga anga ni kitendo cha vita, na mapigo yake ya kwanza huangukia ardhini.

Mfikirie mlinzi anayepangiwa zamu ya usiku kwenye ua wenye mbwa wakali waliofunguliwa. Hashiki doria mpaka mbwa wafungwe. Rubani naye hawezi kuzungukazunguka juu ya nchi ambayo rada zake zinamwona na makombora yake yanamfikia. Kwa hiyo rada, mitambo ya makombora na viwanja vya ndege hupigwa kwanza. Tatizo ni kwamba mbwa hawa hawafugwi jangwani pekee. Mitambo mingine iko kando ya miji, karibu na watu waliolala.

Libya ilionyesha hayo waziwazi. Machi 17, 2011, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1973 la kufunga anga ya Libya kwa kura 10, wanachama 5 wakijizuia kupiga kura. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon ziliunga mkono, na ni haki tulikumbuke hilo tunapoilaumu Magharibi. Siku mbili baadaye, meli na nyambizi za Marekani na Uingereza zilifyatua makombora zaidi ya 110 kuvunja ulinzi wa anga. Azimio liliruhusu kila hatua ya lazima ya kuwalinda raia, ila jeshi la kuikalia nchi, na mlango huo ulikuwa mpana. Vifaru vya Gaddafi, mtawala wa Libya, vikawa shabaha, kisha vituo vyake vya amri. Oktoba 20 aliuawa Sirte. Watetezi wanasema Benghazi, mji wa waasi, uliokolewa. Kamati ya bunge la Uingereza iliandika mwaka 2016 kwamba tishio kwa raia lilikuwa limetiwa chumvi.

Hata anga ikifungwa, ardhi hubaki wazi. NATO, muungano wa kijeshi wa Magharibi, ilikuwa ikilinda anga ya Bosnia tangu 1993, lakini Julai 1995 wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa katika mji wa Srebrenica nchini humo. Wauaji walikuwa na bunduki na mabasi; ndege hawakuzihitaji.

Sasa rudi Sudan. Ndege za kivita zenye marubani ni za jeshi la serikali. Wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi hilo, hutegemea zaidi droni, mizinga na pikapu zenye bunduki nzito. Atakayefunga anga hiyo atamnyang'anya upande mmoja silaha yake kubwa, na kumwachia mwenzake mizinga ileile iliyoupiga mji wa El Fasher kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi ulipoanguka Oktoba 2025.