Kwa nini friji inagandisha juu lakini chini haipoi?

Malalamiko haya kila fundi friji ameyasikia: nyama kwenye friza imekuwa jiwe, lakini maziwa ya chini yamechachuka na mchicha umelegea. Mwenye friji anashangaa, maana kama mashine ingekuwa imekufa, si hata juu kungeyeyuka? Jibu analopewa mara nyingi ni moja: gesi imeisha, tuongeze gesi. Wakati mwingine fundi yuko sahihi. Lakini kwa friji nyingi za milango miwili zinazouzwa siku hizi, friza juu na friji chini, kosa huwa liko kwingine kabisa, na ukijua ubaridi unavyosafiri ndani ya lile kabati utamuuliza fundi maswali mawili matatu kabla ya kutoa hela.

Kwanza, kwa nini friza iko juu? Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, kwa hiyo hushuka. Kabla ya friji za umeme, huko Marekani na Ulaya watu walihifadhi chakula kwenye makabati ya mbao yenye bonge la barafu. Katika mengi ya makabati hayo barafu ilikaa chumba cha juu, na ubaridi ukateremka wenyewe hadi kwenye chakula. Friji za umeme zilipoingia majumbani miaka ya 1920 na 1930 zilirithi mpangilio huo: kisanduku cha kugandishia juu, vyakula vingine chini yake. Baadaye kompresa, ile pampu inayounguruma, ilipotulia kule chini nyuma, ikapatikana faida ya pili, kwamba sehemu inayotakiwa kuwa baridi kuliko zote ikawa mbali na kitu kinachotoa joto.

Na joto ndilo lenye kazi hapa. Friji haitengenezi ubaridi, inahamisha joto. Gesi ikiwa ndani ya mabomba ya friza huchemka na kugeuka mvuke, na katika kuchemka huko hunyonya joto la chakula. Kompresa huivuta, huikandamiza, kisha joto hutolewa nje kupitia mabomba ya nyuma au yaliyofichwa ubavuni. Ndiyo maana ubavu wa friji mpya ukiushika una joto. Hilo si kosa. Kosa ni kuibana friji hiyo kati ya kabati na ukuta hadi joto likose pa kwenda.

Sasa tuje kwenye aina mbili, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Aina ya kwanza inashika barafu kwenye kuta za friza, na mwenye nyumba anaiyeyusha mwenyewe. Mabomba yake yamezunguka kisanduku cha friza, na kwa kawaida kuna sehemu nyingine ya mabomba nyuma ya ukuta wa ndani wa chini. Kila chumba kinapozwa na ukuta wake. Aina ya pili ni zile zilizobandikwa maneno No Frost. Hizi mara nyingi zina koili moja tu ya kupoza, imejificha nyuma ya paneli ya plastiki ndani ya friza, na chini hakuna chochote kinachopoza. Ubaridi wote wa chini unapulizwa na feni kutoka juu, kupitia njia nyembamba ya hewa yenye kilango kidogo kinachoamua kiasi gani kipite.

Ukishalijua hilo, fumbo linakaribia kuisha. Juu kunaganda kwa sababu koili iko hapo hapo. Chini hakupoi kwa sababu hewa haifiki. Swali linakuwa: nini kimeizuia?

Sababu rahisi kuliko zote ni mifuko. Mtu ananunua nyama na samaki wa mwezi mzima, anashindilia friza mpaka mifuko inaegemea paneli ya nyuma na kuziba matundu. Toa vitu, acha nafasi ya vidole viwili hivi mbele ya matundu, subiri hadi kesho. Kama hali ni ile ile, sikiliza feni. Friji nyingi za aina hii huizima feni mlango unapofunguliwa, kwa hiyo fungua mlango wa friza, tafuta swichi ndogo pembeni mwa fremu, uibonyeze kwa kidole na usikilize. Ukisikia mvumo, na ukiweka kiganja kwenye matundu ya juu ndani ya chumba cha chini ukahisi upepo wa baridi, hewa inatembea. Mashine ikiwa inafanya kazi na feni ikanyamaza kila unapojaribu, mwambie fundi aanze na feni.

Sababu inayosumbua zaidi ni barafu isiyoonekana. Koili ile hushika barafu kama koili nyingine yoyote. Jina No Frost lina maana tu kwamba mara kwa mara hita ndogo huwaka, inaiyeyusha, na maji yanateremka kwa bomba hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, ambako joto linayakausha. Hita ikiungua, au kihisi chake cha joto kikifa, au taima ikikwama, barafu inajijenga nyuma ya paneli hadi koili inageuka ukuta mweupe na hewa haipiti tena. Wewe kwa mbele huoni kitu, friza ni safi kabisa.

Kipimo chake ni cha bure. Chomoa friji, toa vyakula vyote, acha milango wazi siku nzima na usiku wake, tandika matambara chini. Ukiiwasha tena na chini kukapoa vizuri kwa siku kadhaa, halafu ule ugonjwa ukarudi, basi mfumo wa kuyeyusha barafu ndio mbovu. Gesi haina tabia ya kwenda likizo na kurudi. Kipuri cha aina hiyo mara nyingi ni kidogo na hakihitaji kukata bomba lolote.

Kuhusu gesi yenyewe: hii si gesi ya mtungi wa kupikia inayopungua kadiri unavyoitumia. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa pande zote, na friji nzima inaweza kuishi miaka mingi na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi kwako. Dalili ya gesi kupungua kweli, hasa kwenye friji za aina ya kwanza, ni barafu kushika kona moja tu ya friza huku kuta nyingine zimekauka, na kompresa kuunguruma bila kupumzika. Tazama pia kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa R600a, hiyo ni isobyuteni, gesi inayowaka moto, ambayo kwa friji ya nyumbani mara nyingi haifiki gramu 100. Hupimwa kwa mizani, na fundi anayewasha moto wa kuchomelea kabla ya kuhakikisha gesi imetoka yote usimruhusu jikoni kwako.

Kuna kosa jingine linalofanywa na sisi wenyewe. Friji nyingi za No Frost zina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja juu na kimoja chini. Watu hudhani kila kitufe kina mashine yake. Katika nyingi kati ya hizo, kimoja ndicho kinachoiamuru kompresa na kingine kinafungua au kufunga kile kilango cha hewa tu. Ukizungusha cha friza hadi mwisho ili nyama igande haraka, huenda umeunyima upepo ule wa chini. Rudisha vyote katikati. Kinachotakiwa ni nyuzi 4 hivi chini na hasi 18 juu, na kipimajoto kidogo cha friji kitakueleza ukweli kuliko namba za kwenye kitufe.

Wenye friji za aina ya kwanza wana adui wao: kisu. Barafu ikinenepa inazuia joto la chakula kufika kwenye mabomba, hivyo ni sawa kutaka kuitoa ikifika nusu sentimita. Lakini ukuta wa friza ni alumini nyembamba na gesi iko nyuma yake tu. Ncha ya kisu ikitoboa, utasikia mlio wa "shhh" na biashara imeisha hapo, maana kuziba tundu la alumini ni kazi ngumu na mara nyingi haidumu. Chomoa, weka sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa ndani ya friza, funga mlango, nenda kafanye shughuli nyingine. Ukiwa hapo safisha na kile kitundu cha maji kilicho nyuma chini, kwenye ukuta wa ndani. Kikizibwa na jani la mchicha, maji hujaa kwenye droo ya mboga na watu huanza kudhani friji inavuja.

Mpira wa mlango nao: bana karatasi mlangoni, vuta. Ikitoka bila kukataa, futa mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha jaribu tena. Mpira uliopasuka hubadilishwa. Hakuna zaidi.

Umeme ukikatika usifungue fungue. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa na barafu yake karibu saa 48, ikiwa nusu ni kama 24, ila chumba cha chini kinahimili saa 4 tu. Umeme ukirudi, kompresa isiwashwe papo hapo, kwa kuwa presha ndani ya mabomba bado haijasawazika na mota italazimishwa kuanza na mzigo. Friji gadi nzuri, kile kifaa kinachokaa kati ya soketi na friji, husubirisha dakika kadhaa ndipo iruhusu umeme, na ndiyo sababu inayonifanya niihesabu kuwa sehemu ya bei ya friji.

Na ukiwa ndiyo kwanza unanunua? Mahali umeme unakatika kila wiki, mimi ningechukua ile ya kuyeyusha kwa mkono: vipuri vichache, na barafu yake husaidia giza likiingia. Soma kibandiko cha matumizi ya umeme. Kikisema 250 kWh kwa mwaka, hizo ni kama uniti 21 kwa mwezi, jambo la kufikiria kwa mteja wa TANESCO wa kundi la D1 ambaye unafuu wake unaishia uniti 75. Tafuta pia herufi za hali ya hewa. N imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, na jiko la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hupita hapo kirahisi. T inafika 43. Kwa Makete au Limuru tatizo linageuka kichwa chini: kama kihisi cha joto kinachoiamuru kompresa kiko chumba cha chini, baridi ya nyumba inakiridhisha, kompresa hailazimiki kuwaka, na nyama ya juu inalainika wakati chini kuko sawa. Huko tafuta iliyoandikwa SN-T, inayoanzia nyuzi 10. Na ya mtumba kutoka Japani, kabla hujaichomeka popote, angalia volti: kwao ni 100.