Mwasumini hauiti nyoka: yanayosemwa kuhusu maua ya kudumu na ukweli wake

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Makorora kaung'oa mwasumini wake na mizizi yote, eti kaambiwa harufu yake usiku inaita nyoka na yeye ana wajukuu wadogo. Mwasumini wa miaka tisa huo jamani, ule ambao jioni ukiingia uchochoroni harufu inakupokea kabla hujafika mlangoni, na harusi ngapi mtaani kwetu vikuba, yale mashada ya maua ya kunukia, vimefungwa kwa asumini za mti ule. Nimeumia kwa kweli, ndo maana nimekaa kuandika haya, maana mi naotesha maua ya kudumu hapahapa Tanga mwaka wa 15 sasa na mambo ninayoyasikia watu wanayaamini yanaua maua kuliko hata mchwa.

Tuanze na huyo nyoka. Nyoka hali ua, hanywi utamu wa ua, hana shida na asumini wala langilangi. Nyoka anafuata vitu viwili tu, chakula na pa kujificha, na chakula chake ni panya, mjusi, chura, vifaranga. Ule ulimi wake anaoutoatoa anaokotea chembe za harufu, akiurudisha ndani kuna kiungo kiko juu ya kaakaa ndo kinamwambia hapa kapita panya au hajapita. Asumini inafunguka jioni na kunukia usiku kwa sababu inawaita wadudu wa usiku kama nondo, basi. Sasa kwa jirani yangu pale, chini ya ule mwasumini kulikuwa na lundo la matofali yaliyobaki walipojenga choo, juu yake makuti ya zamani, pembeni banda la kuku na pumba zimemwagika kila siku, yaani panya wanashinda hapo. Mwasumini umeng'olewa, lundo la matofali bado lipo mpaka leo. Kama unaogopa nyoka, na ni haki yako kuogopa ukiwa na watoto, ondoa malundo, zoa pumba, halafu pogoa matawi ya chini ya mwasumini mpaka uione ardhi vizuri ukisimama mlangoni. Wengine wanasema siyo nyoka ni majini, hayo ya majini mi siyaingilii.

Lingine ambalo linaniuma zaidi, maana hili linaumiza watu siyo maua tu, ni kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake asichume asumini wala asiguse waridi, mti utakauka. Nyumba niliyokulia kule Ngamiani kulikuwa na mwasumini wa bibi, mwaka mmoja ukaanza kukauka upande mmoja, basi wasichana wote wa nyumba tukaitwa mmojammoja tukaulizwa nani kauchuma akiwa mwezini, na dada yangu mkubwa akabebeshwa lawama ile miaka na miaka, hata harusini kwake shangazi mmoja aliikumbushia. Baadaye upande ule ulivyokufa kabisa mjomba akachimba kuuondoa, nikasogea nikaona kwa macho yangu, gome lote chini ya udongo limeliwa, tope la mchwa limepanda kwenye shina kama mkono. Damu ya hedhi haina kitu kinachopita kwenye kidole cha mtu kikaua mzizi, haipo hiyo. Ua likikauka upande mmoja chimba taratibu pembeni ya shina uangalie mchwa, na majani makavu unayotandaza chini kuzuia unyevu usipotee yaache mbali kidogo na shina, yasiligandame, hasa kiangazi mmea ukiwa na kiu ndo mchwa wanauvamia.

Afu kuna hili neno lenyewe, kudumu. Watu wananunua mche wakitegemea maua Januari mpaka Desemba, yakikatika wanasema muuza miche kawatapeli. Maua ya kudumu ni mmea unaoishi zaidi ya miaka miwili, una misimu yake ya kuchanua na misimu ya kupumzika na kutengeneza majani, ukipumzika uache. Na kudumu siyo kwamba ukishapanda umemaliza, asumini inatoa maua kwenye matawi mapya, kwahiyo usipopogoa unabaki na rundo la matawi makavu na maua mawili matatu huko juu. Nakata theluthi moja hivi ya urefu wakati umemaliza kuchanua na mvua zinakaribia, watu wanaopita wanashtuka wanasema nimeuua, wiki chache mbele wanakuja kuomba maua.

Bogenvilia ndo inateswa zaidi na dhana, maana kila mtu anaamini maji mengi maua mengi. Mtu anamwaga ndoo asubuhi ndoo jioni na samadi juu, inatoka majani mazito ya kijani hadi ukutani, ua hamna. Asili yake Amerika ya Kusini na imezoea ukame, ikiona jua kali na udongo umekaukakauka ndo inachanua, ndo maana hapa kwetu kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, kuta za mtaa wa Raskazone zinawaka rangi. Ikishashika mizizi mwagilia kwa nadra ila ukimwagilia mwaga mpaka maji yazame. Na ile rangi siyo ua hata. Chuma kishada kimoja ukifungue, utaona majani matatu membamba kama karatasi ya rangi, na kila moja limebeba kijiua kidogo mfano wa kifuniko cha kalamu kilichochongwa, cheupe cha maziwa. Hicho ndo ua lenyewe, wanangu nikiwaonesha hawaamini.

Kuhusu kumwagilia saa sita mchana eti matone yanageuka kioo yanaunguza majani, watafiti wa Hungaria walilijaribu hili mwaka 2010 wakakuta jani laini halichomwi na tone juani, yanayoweza kupata shida ni majani yenye vinyweleo vinavyolinyanyua tone juu ya jani. Kweli asubuhi na jioni ni bora, kwa sababu mchana maji mengi yanapotelea hewani kabla hayajafika mzizini. Kinachounguza majani kwetu mara nyingi ni chumvi! Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, ukimwagilia hayo miezi mitatu utaona ncha na kingo za jani zimekuwa kahawia kama zimeshikwa na moto, na chungu kina ukoko mweupe pembeni. Onja maji ya kisima chako. Kama ndo hivyo kinga maji ya mvua masika na vuli kwa ajili ya maua laini, na pale bomba linapotoka mwagilia chungu kwa wingi mpaka maji yatoke chini yaondoke na chumvi. Chungu kisicho na tundu hapo ndo kaburi la ua.

Majani yakiwa ya njano watu wanaongeza maji. Subiri kwanza, angalia njano gani. Kama ni majani machanga na mishipa imebaki kijani, huo ni upungufu wa chuma, na siyo kwamba chuma hakipo, udongo wetu wa matumbawe una chokaa inayokifunga mmea usikipate, na ukipanda karibu na ukuta ambapo mafundi walimwaga saruji ndo mbaya zaidi. Iksora na hibiskasi zinaonesha haraka sana. Dawa ni samadi iliyoiva kwa wingi kwenye shimo, au mbolea ya kupulizia yenye madini ya chuma ukiuliza duka la pembejeo. Nimesema iliyoiva, samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi, iache ioze miezi miwili mitatu.

Halafu hizi video za ua la kudumu kutoka Ulaya. Tulipu huko inarudi kila mwaka lakini kitunguu chake kinahitaji wiki nyingi za baridi kama ya friji, Tanga hata mwezi wa saba usiku tunacheza kwenye nyuzi 20 hivi, utapoteza hela yako. Na kinyume chake, ua la vinka, wenzetu wa nchi za baridi wanalihesabu la msimu mmoja kwa sababu baridi inaliua, hapa kwetu linaishi miaka na kujiotesha lenyewe hadi kwenye nyufa za saruji. Ila tafadhali msichemshe majani yake mnywe kwa ajili ya sukari au kansa. Ni kweli vinkristini na vinblastini, dawa za kansa za hospitali, zilipatikana kwenye mmea huo, lakini zinatenganishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno, kikombe cha majani yaliyochemshwa ni sumu.

Na anayesema maua mazuri ya ndani ni ya kizungu, aende milima ya Usambara hapo juu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua dogo la zambarau huku kwetu akampelekea baba yake Ujerumani, mwaka 1893 likaandikwa kitaalamu kwa jina la Saintpaulia, leo limejaa madirishani dunia nzima na Wajerumani bado wanaliita violeti ya Usambara. Linapenda kivuli chenye mwanga, mwagilia kwa kuweka sahani ya maji chini ya chungu. Lile la porini usiling'oe, limebaki kidogo kwa misitu kukatwa, nunua la kitaluni, jani lake moja ukilichomeka kwenye mchanga wenye unyevu linatoa mche.

Matawi ya ule mwasumini wa jirani niliyaokota siku ileile kabla gari la taka halijapita. Nimekata vipandikizi sita vya urefu wa kalamu, nikatoa majani ya chini, nikavichomeka kwenye viriba kivulini, vinne vimeshatoa vichipukizi. Nimemwambia bibi wa watu masika ikianza namletea kimoja, na yale matofali namleta kijana wangu ayahamishe.