Je, wajua kwa nini ukichagua "hundi" kwenye fomu ya Microsoft Access, programu ya kutunza data, jedwali huandika 2?

Fomu inauliza njia ya malipo: taslimu, hundi au kadi, kila jibu na kiduara chake. Ukibofya hundi, kiduara cha taslimu kinazimika chenyewe. Ukifungua jedwali, neno "hundi" hulioni, unakuta 2.

Katika Access, viduara hivyo ni vitufe, na vikiwa ndani ya fremu, yaani kisanduku kinachovikusanya, havihifadhi chochote. Fremu ndiyo iliyounganishwa na safu ya jedwali. Kila kitufe hupewa namba yake kwenye sifa iitwayo OptionValue, tuseme taslimu 1, hundi 2, kadi 3, na kikibofywa, fremu huchukua namba hiyo. Kwa kuwa fremu hubeba thamani moja tu, vitufe viwili haviwezi kuwaka pamoja. Maneno hayakubaliwi pale, ni namba kamili tu.

Wanaoanza wengi hukwama hapa: wanauliza kitufe kimoja kimoja kama kimebofywa, na programu inaleta kosa, maana kitufe cha ndani ya fremu hakina thamani yake. Iulize fremu, mara moja, kwenye tukio la AfterUpdate, linalotokea mtu akishabadilisha jibu: ikiwa ni 2, kisanduku cha namba ya hundi kionekane; la sivyo kifichwe. Msimbo huohuo uwekwe pia kwenye tukio la Current, linalotokea kila rekodi inapofunguliwa, kwani AfterUpdate haiamki mtu anapohamia rekodi nyingine.

Kinachosumbua zaidi ni pale ambapo hakuna aliyebofya. Ikiwa hakuna thamani ya kuanzia kwenye fremu wala kwenye safu yake ya jedwali, fremu huwa Null, yaani haina thamani yoyote, wala si sifuri, na ukilinganisha Null na namba yoyote hupati ndiyo wala hapana. Tumia IsNull, inayouliza kama thamani haipo. Wapo wanaokwepa usumbufu huu kwa kuweka taslimu iwe imechaguliwa tangu mwanzo. Mimi siafiki, kwa sababu jedwali litajaa majibu ambayo hakuna aliyeyatoa. Afadhali fomu ikatae kuhifadhi hadi mtu achague.

Majina yenyewe yaweke kwenye jedwali dogo la pembeni, namba na jina lake, ili ripoti ichapishe "hundi" badala ya 2. Na siku malipo ya hundi yakifutwa, namba 2 iache wazi. Ukiipa njia mpya ya malipo, kila aliyewahi kulipa kwa hundi ataonekana alilipa kwa njia hiyo mpya.