Sheko ya inchi mbili haikupi inchi mbili, bosi wangu

Juzi tena. Jamaa kaingia gereji na Hilux dabo kabini, mbele ashafunga springi na shokapu za kit (seti ya kunyanyua gari) ya inchi mbili, nyuma hajagusa, gari imekaa kama mbwa aliyekalia mkia. Mkononi ana mfuko wa rambo, ndani kuna sheko nne, vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi, kachongesha mahali, kazidisha inchi mbili juu ya zile za kampuni na kazipima mwenyewe kwa futi. "Fundi nifungie hizi nyuma ipande inchi mbili, ilingane." Nikamwambia itapanda inchi moja, ukibahatika. Akaniangalia kama vile ile inchi nyingine nataka kubaki nayo mimi.

Huyu ni wa nne mwaka huu, kwa hiyo naandika, atakayekuja tena namtumia link na mimi naendelea na chai yangu.

Springi ya nyuma, hii ya pleti za chuma zilizopangwa, ina ncha mbili. Ya mbele imepigiliwa kwenye chasisi kwa pini, haiendi kokote. Ya nyuma ndo inaning'inia kwenye sheko. Ukirefusha sheko umeshusha ncha MOJA tu, na ekseli haikai kwenye hiyo ncha, inakaa katikati huko. Chukua ubao, upande mmoja uweke juu ya tofali, mwingine uache chini, kisha pima katikati: nusu ya tofali. Basi. Tena kwenye pickup nyingi ekseli haipo katikati kamili, kipande cha mbele ni kifupi kidogo kuliko cha nyuma, kwa hiyo unapata pungufu ya nusu. Na sheko yenyewe haisimami wima, inalala kidogo, kwa hiyo hata ule urefu ulioongeza wote haushuki chini. Inchi mbili za chuma, inchi moja kasoro ya gari.

Hilo lingekuwa ndo tatizo peke yake nisingelalamika. Shida ni kwamba ukishusha ncha ya nyuma springi nzima inalala, na ekseli imebanwa kwenye springi, kwa hiyo pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inaangalia juu. Springi ya mita 1.3 hivi ukiishusha milimita 50 upande mmoja hiyo ni digrii mbili na ushee. Mtu anasema digrii mbili ni nini bwana. Propela shafti, lile bomba linalozunguka kutoka gia boksi mpaka difu, yenye krosi (viungo vyake vya kukunjika) za kawaida, inataka pembe ya huku gia boksi na pembe ya kule kwenye difu zilingane, zisipolingana shafti inaongeza na kupunguza mwendo mara mbili kila mzunguko, unaanza kusikia mvumo ukifika 70, 80, unaenda kubalansi tairi, unabalansi tena, unanunua tairi mpya, mvumo upo pale pale, halafu siku moja krosi inakatika uko katikati ya pori. Na dabo kabini nyingi shafti ni vipande viwili, kuna senta beringi hapo kati, nayo ukishanyanyua gari mara nyingi inabidi uishushe kidogo kwa spesa. Pua ya difu unairudisha kwa kabari kati ya springi na ekseli, upande mnene ukae mbele kama unataka pua ishuke. Kabari ya chuma. Ya alminiamu inasagika, nimeshatoa zilizokuwa kama biskuti.

Kitu pekee ambacho ni mkweli kwenye inchi zake ni bloku, kile kipande kinachowekwa kati ya springi na ekseli. Inchi mbili ya bloku ni inchi mbili ya gari, haina janja. Na bado siipendi, kwa sababu umeiweka ekseli mbali na springi, ukikanyaga mafuta ekseli inapata mkono mrefu wa kuizungusha springi, springi inajikunja kama herufi S, gari inaruka ruka nyuma. Ndogo kwa gari lisilobeba sana, sawa. Bloku juu ya bloku, hapana. Bloku ya mbao, aisee nimeiona kwa macho yangu, mninga mzuri kabisa wa kitanda, hapana. Bloku ekseli ya mbele, toka gereji kwangu. Alafu angalia springi iko juu ya ekseli au chini, kuna mtu aliweka bloku kwenye Suzuki Samurai, ambayo springi zake zimepita chini ya ekseli, gari ikashuka, akanipigia simu kuniuliza kama bloku zina upande.

Sasa tuje kwenye ile inayonipandisha presha kuliko zote: "ongeza pleti."

Kila mtu. Nyuma imelala, ongeza pleti. Nataka ipande, ongeza pleti. Watu wanachanganya urefu na ugumu, na hivi ni vitu viwili. Urefu unatoka kwenye upinde wa springi. Ugumu unatoka kwenye unene, upana na idadi ya pleti, na hapo unene ndo mkorofi, maana ugumu unaenda kwa unene kuzidisha unene kuzidisha unene, yaani pleti ya milimita 10 ukiilinganisha na ya milimita 8 haijazidi kwa robo, ni karibu mara mbili ya ugumu. Kwa hiyo fundi anakuokotea pleti nene ya lori, anaikata, anaipachika chini ya pakiti, gari inapanda ndiyo, kwa sababu ile pleti ina upinde mkali na haitaki kunyooka. Umepata kimo, na umepata toroli. Barabara ya vumbi yenye mawimbi tairi haligusi chini nusu ya muda, mgongo unakuuma, na meni, ile pleti kuu ndefu ya juu, inakatika karibu na mwisho wa hiyo pleti nene kwa sababu mkunjo wote umehamia hapo. Kisha mwenye gari anasema springi za siku hizi feki.

Mimi mtu akija siulizi unataka inchi ngapi, nauliza unabeba nini kila siku. Kila siku, sio ile siku moja ulihamisha kabati la shemeji. Springi za kit, Old Man Emu na wenzake, zinauzwa kwa mzigo: tupu, mzigo wa wastani, mzigo mzito wa muda wote. Inchi zilizoandikwa kwenye boksi ni za gari lenye huo mzigo. Ukinunua za mzigo mzito kwa sababu "ni imara zaidi" na unabeba begi la laptop, nyuma itasimama kama panzi na itakupiga mateke mpaka uiuze.

Kupiga springi, yaani kurudisha upinde kwa nyundo, nafanya. Kwa baridi. Anayechoma na gesi kwanza anaua chuma, ile chuma ilishapikwa kiwandani, ukiipasha mpaka iwe nyekundu umebaki na bati nene. Ila na ya baridi nisikudanganye: nimepiga springi zikakaa miaka miwili, nyingine ndani ya miezi mitatu zilikuwa zimelala kuliko zilivyokuja, mkono ule ule nyundo ile ile. Vilevile kushoto na kulia kutolingana. Nabadilisha springi upande, mara nyingine ule ulalo unahama na springi, nafurahi nimepata mchawi, mara nyingine unabaki pale pale nabaki nakuna kichwa.

Harakaharaka mengine. Pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, sio kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Yubolti zinazobana springi na ekseli weka mpya, za zamani zilishavutika. Bushi, zile raba za kwenye ncha za springi, kaza gari likiwa limesimama kwa tairi zake, ukikaza liko kwenye jeki umezisokota kabla hata hujaondoka. Na zile Hilux za zamani zenye valvu ya breki nyuma iliyofungwa na fimbo mpaka kwenye ekseli: ukinyanyua gari ile valvu inadhani huna mzigo, inapunguza breki za nyuma. Irekebishe hiyo fimbo au braketi yake. Mafundi wengi wanaipita kama hawaioni na hili ni suala la breki jamani.

Jamaa wa juzi aliapa anataka sheko zake. Nikamwekea chuma cha kuunganisha pande mbili zisiyumbe, tukafunga, nikampa yeye mwenyewe futi apime. Milimita 22. Akapima tena. Akaniuliza kama nina futi nyingine.